Shangazi Kunde na Faili la Dolly

Shangazi yangu Vermelle hakuwahi kujifunza kupikia watu wachache. Alistaafu jikoni mwa shule ya kisiwani kwetu, pwani ya kusini mwa Marekani, akiwa na mikono iliyozoea kupima wali wa watoto mia mbili, na baada ya hapo, hata alipobaki peke yake nyumbani, aliendelea kupika kana kwamba kengele ya mchana iko karibu kulia. Ukipita kumjulia hali, ulitoka na bakuli la wali mwekundu, au bamia na kamba, limefungwa kwa kitambaa. Chakula kilikuwa chako. Bakuli lilikuwa lake. Alikumbuka kila bakuli lilipokwenda, na kama wiki imepita hujalirudisha, angekusimamisha nje ya kanisa mbele ya mchungaji na kukuuliza kama kwenu mmeacha kuosha vyombo.

Vermelle lilikuwa jina la benki na la hospitali. Kisiwani aliitwa Kunde, kwa sababu alizaliwa mdogo mno hata mkunga akasema mtoto huyu anaweza kupotea ndani ya gunia la kunde. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake la kikapuni, kabla hajajua kutambaa, na jina hilo ndilo linaloishi. Lile lingine, la vyeti, hulala kwenye droo. Kuna watu nimewajua maisha yangu yote na jina lao la vyeti nikalisoma kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya mazishi yao. Mimi naitwa Nyenje, kwa kuwa nililia sana usiku. Chuoni mjini Beaufort, ninakofundisha, wananiita Dokta Grayson, na kila wakiniita hivyo huwa nachelewa kidogo kuitika.

Nasema haya ya majina mapema kwa sababu ndiyo yaliyomgharimu shangazi miaka.

Ukoo wetu unatokana na mtu mmoja, Renty Grayson, aliyezaliwa mtumwa hapa hapa kisiwani na kufa mkulima huru mwenye shamba lake. Katikati alikuwa askari. Siku ile, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, meli za Kaskazini zilipopiga mizinga na mabwana wakakimbia, siku ambayo wazee wetu walihesabia umri wao wote, Renty alijificha kwenye kinamasi, maji yakimfika kifuani, akabaki. Mkewe Dolly hakupata muda wa kujificha. Bwana wake alimsukuma kwenye mashua pamoja na fanicha, akampeleka bara, mtoto akiwa mgongoni. Renty akaingia jeshini, kikosi cha weusi. Na katika miaka hiyo hiyo ya vita akaishi na Bina, mama wa babu yake Shangazi Kunde. Vita vilipokwisha, Dolly alirudi kwa miguu. Alikuta nyumba ina mwanamke mwingine na mtoto mwingine. Akajenga kibanda mwisho wa njia, akakaa humo mpaka kufa.

Kwa hiyo ukoo una matawi mawili, la Dolly na la Bina, na kila baada ya miaka miwili, kwenye mkutano wa ukoo, matawi hayo hukaa meza mbalimbali na kuchokozana. Tawi la Dolly lilikuwa na silaha kubwa: Renty alipofariki, serikali ilimlipa Dolly pensheni ya mjane wa askari mpaka alipoingia kaburini. Bina hakulipwa kitu. Hilo kwao lilimaliza kesi.

Kiongozi wa tawi la Dolly alikuwa Elouise, binamu yake Shangazi Kunde na rika lake, ambaye jina lake la kikapuni ni Njiwa, ingawa sijamwona mtu asiyefanana na njiwa kama yeye. Ni mwanamke mrefu, sauti kama tarumbeta, na mbele ya ngazi ya nyumba yake kuna chungu kikubwa cha chuma, cha miguu mitatu, alimopanda maua mekundu. Tangu utotoni walikuwa wakigombana na kutafutana. Njiwa alipolazwa hospitali, Shangazi Kunde alimpelekea supu kila siku, na kila siku walizozana juu ya chumvi.

Mwaka ule, shangazi akiwa amevuka themanini, kibao cha mbao kwenye kaburi la Renty kilioza na kuanguka. Ukoo ukakubaliana kuweka jiwe la kudumu, lizinduliwe mwisho wa Mei, siku ya kuwakumbuka askari, ambayo kwetu ni kubwa karibu kama Krismasi. Tulikutana ukumbini mwa kanisa, baada ya ibada. Njiwa alisimama na karatasi yake.

"Jiwe litasema hivi: Renty Grayson, askari, na mkewe Dolly."

"Mkewe nani?" Shangazi Kunde aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye keki aliyokuwa akiikata.

"Dolly, binamu. Masikio yamezeeka?"

"Masikio yangu mazima. Nauliza mke, siyo jirani aliyekaa mwisho wa njia."

Watu wakacheka, wakajikohoza. Njiwa akavua miwani.

"Jirani? Kunde, serikali ya Marekani ilimlipa Dolly kila mwezi. Umeshaona serikali inalipa majirani?"

"Bina alizaa watoto wanne ndani ya nyumba ya Renty!"

"Kuzaa si cheti."

"Cheti kilikuwepo! Kasisi wa jeshi aliwafungisha. Babu yangu alikuwa akisema."

"Basi kilete," Njiwa alisema, na safari hii hakuwa akitania. "Fundi wa mawe anaanza kuchonga wiki baada ya Pasaka. Lete karatasi yoyote, hata kipande, inayosema Bina alikuwa mke. Mimi mwenyewe nitakwenda kumwambia fundi aandike Bina. Usipoleta, kaa chini, kula keki, mwache Dolly apumzike na mume wake."

Nilimwona shangazi akiendelea kukata keki. Alikata vipande vingi kuliko watu waliokuwepo.

Nilimrudisha nyumbani. Tulipofika alisema, "Nyenje, mwanamke yule amelala pale kando ya Renty bila hata kijiko." Nilijua anasema nini. Kwetu, juu ya kaburi huwekwa vile vitu ambavyo marehemu alivishika mwisho: kikombe, sahani, taa, saa. Huvunjwa kidogo kwanza, au kutobolewa, ili mnyororo wa kifo ukatike na mwingine nyumbani asimfuate. Kaburi la Dolly lilikuwa na vyombo vyake vya udongo, vimezama nusu mchangani. La Bina lilikombwa na tufani lililopita kabla shangazi hajazaliwa, na hakuna aliyejua tena alikuwa ameachiwa nini. Shangazi aliogopa, nadhani, kwamba baada ya jiwe lile hata jina lingekombwa.

Haikuwa mara ya kwanza kutafuta. Miaka mingi nyuma alikuwa ameandika barua Washington, kwenye jumba la nyaraka za taifa, ambako mafaili ya pensheni ya askari wa vita vile yamehifadhiwa. Aliuliza kuhusu madai ya Bina Grayson, mjane wa Renty. Jibu lilikuja kwa adabu: hakuna mjane wa jina hilo aliyedai pensheni ya askari huyo. Faili la Renty lipo, na mjane aliyemo ni Dolly. Je, angependa nakala? Shangazi alichana barua ile vipande viwili, kisha akaviunganisha kwa gundi, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa kitu.

"Waliiba madai yake," alisema. Na kwa miaka yote iliyofuata hakusema lingine.

Nilikuwa nimemwambia mara kadhaa kwamba tulisome faili la Dolly. Jibu lake lilikuwa lile lile.

"Nikafungue sanduku la mwanamke aliyenikalia kooni? Sitaki. Nitampa Njiwa kicheko cha bure."

Safari hii nilijaribu kwa njia nyingine. Nilimweleza kwamba serikali haikuwa ikiwaamini wajane weusi hivi hivi. Wengi walioana utumwani, bila karatasi, basi ilituma wakaguzi kisiwani kukaa barazani na kuwahoji watu kwa kiapo: nani aliishi na nani, nani alimpikia nani, watoto ni wa nani. Yote yaliandikwa. "Kama kulikuwa na mtu wa kumpinga Dolly, Shangazi, maneno yake hayakwenda kwenye faili lingine. Yamo humo humo."

Alisimama, akafungua jokofu, akatazama ndani kwa muda mrefu. Siku mbili baadaye alinipigia simu asubuhi.

"Una gari zima?"

"Ninalo, Shangazi."

"Basi Jumatatu. Kuku nimeshaanza kuwaweka kwenye viungo."

Tulikwenda Washington na kuku wa kukaanga wa kulisha basi zima, mayai, mikate ya mahindi, na keki mbili, moja ya njiani na moja, alivyosema, "ya watu wa serikali." Tulilala usiku mmoja njiani. Alivaa kofia yake ya Pasaka, ile ya zambarau, ingawa Pasaka ilikuwa haijafika, na aliivaa mpaka ndani ya jumba la nyaraka, lile linalohifadhi Katiba ya nchi, ambako mlinzi alimwomba aivue, akaitazama ndani na kumrudishia.

"Umetafuta nini humo, mwanangu?" shangazi alimwuliza. "Katiba?"

Chumba cha kusomea kilikuwa na kimya cha kanisa siku ya kazi. Mhudumu, mwanamke wa umri wangu, sweta begani, alitueleza masharti: penseli tu, faili moja kwa wakati, karatasi zisichanganywe. Keki hairuhusiwi. Shangazi alimwahidi kuwa itamsubiri garini.

Kisha likaja faili. Nilikuwa nimefikiria kitabu, au jalada. Ilikuwa bahasha nene tu, na ndani karatasi zilizokaa zimekunjwa mara tatu kwa zaidi ya miaka mia, kiasi kwamba ukizifungua zinataka kujikunja tena, kama mtu uliyemwamsha mapema. Mimi hufundisha mambo ya zamani kwa riziki yangu. Lakini hapa palikuwa na karatasi ambayo watu wangu walisimama mbele yake, wakaambiwa weka alama hapa, wakaweka.

Za kwanza zilikuwa za Renty mwenyewe, alipoomba malipo kwa ajili ya nyonga iliyoumia vitani. Daktari alikuwa amempima.

"Soma," shangazi alinong'ona.

"Futi tano na inchi tatu. Rangi, nyeusi. Kovu begani la mjeledi, si la vita."

Kwa lile la mwisho alijishika begani. Kisha akasema, "Futi tano na inchi tatu? Mfupi! Njiwa anasema alikuwa jitu, alikuwa akiinama mlangoni." Akaanza kucheka, mabega yakimtikisika, kitambaa mdomoni, mpaka mzee wa meza ya jirani akageuka. Sijui kwa nini kicheko kile kilinitia huzuni. Labda kwa sababu sikuwahi kuwaza kwamba Renty alikuwa na urefu.

Zikafuata za Dolly. Dolly alikuwa amedai, na mkaguzi alikuwa na shaka. Renty alikuwa ameishi na mwanamke mwingine tangu vita, watu wote wanajua. Shahidi baada ya shahidi alisema hivyo hivyo: ndiyo, Dolly alikuwa mkewe utumwani, lakini aliporudi hakurudi kitandani. Nilisoma kwa sauti ya chini, na uso wa shangazi ukazidi kung'aa kila ukurasa. Madai ya Dolly yalikuwa yanakufa mbele yetu.

"Endelea, Nyenje. Endelea. Bina anakuja."

Lakini Bina hakuja. Aliyefuata alikuwa mwanamke aitwaye Clarinda Grayson. Nilidhani ni dada yake Renty, na kwa kuwa muda wa kufunga ulikuwa ukikaribia, nilianza kuruka mistari. Shangazi aliweka kidole mezani, kando ya karatasi, bila kuigusa.

"Rudi juu. Umesoma nini pale?"

"Mkaguzi anamwelezea shahidi. Mwanamke mweusi, umri haujui, alikuwa msichana wa shamba siku ya mizinga. Ana vidole vitatu tu mkono wa kushoto."

Shangazi alikaa wima.

Kila mtoto wa tawi letu amekua akisikia kuhusu vidole vya Bina, vile viwili vilivyoliwa na mashine ya kuchambulia pamba. Tulitishiwa navyo tukichezea visu. Nikafunua haraka ushahidi wa jirani yao, uliofuata, na humo ndani, mstari wa tatu, palikuwa pameandikwa: *Clarinda, ambaye sisi hapa tunamwita Bina.*

Tulitazamana. Bina lilikuwa jina la kikapuni. Kwenye visiwa vingine ni jina la vyeti, kuna akina Bina wengi waliobatizwa hivyo, na sisi, watu ambao kila mmoja ana majina mawili, hatukuwahi kujiuliza hata siku moja kama mama yetu naye alikuwa na lingine.

"Miaka yote," shangazi alisema polepole, "nimekuwa nikimwita serikalini kwa jina la jikoni."

Nikarudi kwenye ushahidi wake. Mkaguzi aliandika kwa Kiingereza chake cha ofisini, kilichopigwa pasi. Lakini kuna watu ambao hata ukipiga pasi maneno yao, mikunjo inabaki. Ninaweka hapa kama nilivyomsomea shangazi.

*Nilifungishwa ndoa na Renty na kasisi wa kikosi. Cheti kipo, kiko sandukuni kwangu. Sikukileta kwa sababu sikuja kudai. Dolly alikuwa mke wa Renty kabla ya mizinga. Renty hakumwacha Dolly, wala Dolly hakumwacha Renty. Alichukuliwa. Mtu aliyechukuliwa hajaachwa.*

*Nimeulizwa kama naelewa kwamba kwa cheti hicho ningeweza kulipwa mimi. Naelewa. Nina watoto wanne na shamba. Dolly ana binti mmoja ambaye haoni, na ana mimi.*

*Nimeulizwa kama kuna uadui kati yetu. Hapana. Yeye ndiye aliyepokea watoto wangu wakizaliwa, wote isipokuwa wa kwanza. Tumegombana mara moja, kwa ajili ya chungu cha chuma nilichomwazima. Anacho mpaka leo.*

Chini palikuwa na alama ya msalaba, imekandamizwa kwa nguvu hata karatasi imebonyea. Na barua ya mwisho ya mkaguzi ilisema kwamba, kwa ushahidi wa mwanamke huyu, ambaye alikuwa na kila sababu ya kusema kinyume, anapendekeza mdai alipwe.

Mhudumu alikuja kutuambia muda umekwisha, akatuona, akaenda akarudi na nakala za kurasa zile bila kuulizwa. Shangazi alinituma garini, akampa keki nzima, pamoja na sahani. Sahani! Hapo ndipo nilipojua kwamba ameumia.

Hasira yake ilifika siku ya pili, tukiwa tumevuka mpaka wa Carolina Kaskazini.

"Mjinga!" alisema ghafla. "Mama mkubwa mzima, cheti sandukuni, anampa mtu mwingine mume wake mbele ya mzungu wa serikali! Na sisi tukaja kuitwa watoto wa mlango wa nyuma. Mimi nimeitwa hivyo shuleni, Nyenje. Baba yangu aliitwa hivyo."

"Lakini sasa unayo karatasi, Shangazi. Inasema ndoa. Kasisi, cheti, kila kitu. Njiwa alisema hata kipande."

"Najua nilicho nacho."

"Utampa?"

Alitazama nje, kwenye misonobari iliyokuwa ikipita. "Bina aliapa. Aliweka mkono kwenye Biblia akasema mke ni Dolly. Sasa mimi nichukue kiapo chake hicho hicho nikamtoe Dolly kaburini? Hebu nipe paja la kuku, usiniulize mambo."

Wiki zote zilizobaki hakulitaja. Alipika. Watu walisema Kunde amepata mpunga wa bure. Jumapili baada ya Pasaka tulikutana tena ukumbini, na Njiwa alikuwa amekaa mbele, mkoba mapajani, akimsubiri kwa hamu ya mtu anayependa ugomvi wake.

"Haya, binamu. Nasikia mlikwenda mpaka Washington. Mmetuletea nini?"

Shangazi alisimama kwa kushika meza. "Mwambieni fundi aandike Dolly," alisema, akakaa.

Njiwa alingoja maneno mengine, hayakuja. Nilidhani angeshangilia. Alionekana kama mtu aliyekwenda kusukuma mlango akakuta umeshafunguliwa.

"Hukupata kitu?"

"Nilipata."

"Sasa?"

"Sasa andikeni Dolly. Keki ipo, nani anataka keki?"

"Kunde, usinichezee. Umepata nini?"

Shangazi alinitazama mimi. Nikatoa nakala kwenye mfuko, nikampelekea Njiwa. Alizichukua, akavaa miwani, akaenda nazo jikoni mwa kanisa peke yake. Kupitia dirisha la kupokelea vyakula tulimwona mgongo tu. Alisoma, akarudia. Alipotoka alipita katikati yetu bila kumuaga mtu na bila kula, na sauti ile ya tarumbeta hatukuisikia tena mwezi mzima.

"Umemuumiza," nilimwambia shangazi.

"Sikumuumiza mimi. Bina ndiye." Kisha akasema, "Jumatano umpelekee bamia. Usimwambie zimetoka kwangu."

"Atajua bakuli."

"Ndiyo maana nakwambia usimwambie."

Siku ya askari ilifika na joto lake. Bendi ilipiga, watoto walivaa nyeupe, na tulipomaliza sherehe za mjini tukarudi kisiwani, kwenye makaburi yetu ukingoni mwa kinamasi, ambako maji yakiondoka unasikia kaa wakitembea matopeni. Jiwe lilikuwa zuri. Renty Grayson, askari. Na mkewe Dolly. Mchungaji aliomba. Shangazi Kunde, kofia ya zambarau kichwani, alisema amina kwa sauti, akalitazama jiwe mpaka mwisho bila kugeuka. Halafu akageuka, kuelekea upande wa pili wa Renty, kwenye kipande cha mchanga kisicho na kitu, alikokuwa amelala Bina.

Njiwa alikuwa amechelewa. Tulimsikia kabla ya kumwona, akimkaripia mjukuu wake. "Taratibu! Ukikiangusha kwenye vidole vyangu nakuzika hapa hapa!" Walikuwa wamebeba pamoja, kila mmoja sikio lake, kile chungu cha chuma cha miguu mitatu. Maua yalikuwa yametolewa. Udongo ulikuwa bado umeganda pembeni, kwa ndani.

Wakakiweka juu ya kaburi la Bina. Njiwa akajipangusa mikono kwenye gauni lake zuri, akahema.

"Nimekirudisha," alisema.

Shangazi Kunde alikizunguka kama mnunuzi.

"Kina kutu."

"Kilikuwa na maua, Kunde. Maua hunywa maji. Ulitaka kiwe na nini?"

"Miaka mia na zaidi chombo cha watu kiko kwenu. Hata kukisugua."

"Sikujua ni cha watu! Mimi nilidhani ni cha kwetu." Sauti ya Njiwa ilivunjika kidogo hapo, akaikohoa. "Nimekiona kila siku ya maisha yangu, nikidhani ni cha kwetu."

Shangazi aliinama, kwa shida, akakiinua kwa upande mmoja kutazama chini yake. Nilijua anatazama nini. Chombo kizima hakiwekwi kaburini, na chuma hakivunjiki kwa mkono wa mtu. Niliona mwanga mdogo wa jua ukipita kwenye kitako cha chungu na kutua mchangani.

"Kimetoboka," alisema.

"Nilikitoboa mwenyewe, kwa msumari na nyundo, pale palipoliwa na kutu. Maua yasioze mizizi."

Shangazi alikaa vile vile ameinama, mkono kwenye ukingo wa chungu. Kisha akakishusha polepole, akakigeuza kidogo mpaka kikasimama sawa kwenye miguu yake mitatu.

"Basi kinafaa," alisema, akamnyooshea Njiwa mkono ili amwinue.